Nuru, Mizani na Adabu: Misingi ya Upigaji Picha kwa Mwanafunzi wa Kiswahili Anayekwenda Kiunga

Utangulizi

Miongoni mwa vyombo vilivyowahi kusafiri katika pwani ya Waswahili, mtepe ndio uliosifiwa zaidi na ndio uliopotea kabisa. Ulikuwa chombo kisichopigwa msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake la mraba lilisukwa kwa miyaa. Wajenzi na manahodha wake walihusishwa sana na Wabajuni, watu wa pwani na visiwa vinavyoanzia Pate na kuelekea kaskazini hadi Somalia. Kufikia katikati ya karne ya 20 mtepe ulikuwa umetoweka baharini. Mtu anayetaka kujua leo ulivyokuwa hana budi kutegemea vielelezo vidogo vilivyohifadhiwa katika makumbusho, michoro ya wasafiri na picha chache za kamera. Mafundi waliojenga mtepe wa mfano huko Unguja mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikabiliwa na tatizo hilohilo: waliowahi kuusafiria hawakuwapo tena wa kuulizwa.

Jambo hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Kila chombo kinachotoweka huondoka na msamiati wake. Neno laweza kubaki katika kamusi na fasili yake fupi, lakini kitu chenyewe kikiwa hakionekani popote, fasili hiyo huwa kama jina juu ya kaburi. Ndiyo sababu mwanafunzi anayekwenda nyanjani kukusanya lahaja, fasihi simulizi au istilahi za ufundi hubeba kamera pamoja na daftari na kinasa sauti. Hata hivyo, wengi huibeba bila kufunzwa namna ya kuitumia, na hurudi chuoni na mamia ya picha zisizofaa: nyuso nyeusi zisizotambulika, bahari iliyolala mshazari na vitu visivyo na majina.

Makala haya yananuia kueleza misingi ya upigaji picha na mpangilio wa vitu ndani ya picha kwa mwanafunzi asiye na mafunzo ya fani hiyo. Mfano unaotumiwa ni Kiunga, mji mdogo wa Wabajuni katika Lamu Mashariki, ulio bara mkabala wa safu ya visiwa vidogo, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Mambo manne yatashughulikiwa: nuru, mpangilio, adabu na maelezo yanayoandamana na picha.

Picha katika pwani ya Waswahili

Neno lililotumiwa kuutaja ufundi huu katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na Kiyunani, na maana yake ni kuandika kwa nuru. Ufundi wenyewe ulitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839. Kiswahili, kwa upande wake, kina neno taswira, ambalo hutumiwa kwa picha inayoonekana kwa macho na vilevile kwa picha inayojengwa na mshairi akilini mwa msikilizaji. Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi haingii ugenini anaposhika kamera. Anaingia katika tawi jingine la kazi anayoifahamu.

Ikumbukwe pia kwamba upigaji picha una historia yake katika pwani hii. Huko Unguja, Ranchhod Oza alifungua studio ya Capital Art mwaka 1930, na kazi yake ikaendelezwa na mwanawe. Mjini Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alijifunza ufundi huu mwenyewe na kuendesha studio iliyopata sifa kwa picha zake za kuunganisha, ambamo sura ya mtu iliwekwa katika mandhari ambayo mtu huyo hakuwahi kufika. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia, alianza kupiga picha angali mwanafunzi mjini Dar es Salaam. Mifano hii yaonyesha kwamba kamera imekuwa mikononi mwa watu wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na kwamba baadhi ya waliobobea walianza kama wanagenzi wasio na mwalimu.

Nuru na milango yake mitatu

Kila kamera, iwe ya filamu, ya dijitali au iliyomo ndani ya simu ya mkononi, hutegemea mambo matatu katika kupokea nuru. La kwanza ni tundu la lenzi. Ukubwa wake huonyeshwa kwa tarakimu kama f/4, f/5.6, f/8, f/11 na f/16. Tarakimu ikiongezeka, tundu hupungua, na kila hatua hupunguza nuru kwa nusu. Tundu kubwa huacha kitu kimoja kikiwa wazi na kuyafifiza yaliyo nyuma yake, ilhali tundu dogo huonyesha vizuri vitu vya karibu na vya mbali pamoja.

La pili ni kasi ya shata, yaani kilango kinachofunguka na kufungika mbele ya filamu au sensa. Kasi ya 1/60 ya sekunde yatosha kwa mzee aliyeketi barazani. Mashua inayokata mawimbi wakati wa kusi huhitaji 1/500 au zaidi, la sivyo tanga lake litakuwa ukungu. La tatu ni wepesi wa filamu au sensa kuhisi nuru, ambao hupimwa kwa kipimo kiitwacho ISO. Tarakimu ndogo kama 100 hufaa mchana wa jua, na kubwa kama 1600 hufaa ndani ya nyumba, ingawa huleta chembechembe zinazochafua picha.

Mambo haya matatu hufidiana. Kinachopunguzwa mahali pamoja huongezwa mahali pengine, kama maji yanayojazwa mtungini: bomba likiwa jembamba, muda wa kujaza huwa mrefu. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni rahisi ya jua kali: tundu liwekwe f/16, na kasi ya shata ilingane na ISO. Kwa ISO 100, kasi huwa karibu 1/100 ya sekunde. Mwanafunzi anayeifahamu kanuni hii hawezi kukwama hata kipimo cha kamera yake kikiharibika.

Nuru ya Kiunga

Kanuni za jumla hazitoshi, kwani kila mahali pana nuru yake. Kiunga ipo chini ya digrii 2 kusini mwa Ikweta. Jua huchomoza karibu wima kutoka baharini na kupanda digrii 15 hivi kila saa. Nuru laini ya asubuhi, inayopita ubavuni mwa vitu na kuonyesha umbo lake, haidumu. Kufikia saa tatu hivi kivuli cha mtu hulingana na kimo chake, na baada ya hapo jua huanza kuangukia vichwani. Macho ya watu hugeuka mashimo meusi chini ya nyusi, na nakshi za mlango hupotea kwa kukosa kivuli.

Kivuli, basi, chaweza kuwa mwalimu wa mwanafunzi asiye na vifaa. Kikiwa kirefu kuliko mtu mwenyewe, nuru ni njema. Kikiwa kifupi, afadhali apumzike, aandike maelezo yake au atafute kazi ya kivulini. Kipimo hiki si kigeni kwa wenyeji. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, wakati wa alasiri nao hutambuliwa kwa urefu wa kivuli. Nuru nzuri ya jioni huanza karibu na saa hiyo, naye mwanafunzi mwenye busara huwaacha watu wamalize swala kabla ya kuwakaribia.

Tatizo la pili ni weupe wa mchanga. Kipimo cha nuru kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu. Kikielekezwa kwenye ufuo mweupe, hudhani kwamba nuru imezidi, nacho huipunguza. Matokeo yake ni mchanga wenye rangi ya jivu na mvuvi mweusi tii asiyekuwa na uso. Tiba yake ni kuongeza nuru kwa hatua moja au moja na nusu kupita kipimo kinavyosema, au kusogea karibu na kupima uso wenyewe. Katika simu nyingi mtu hugusa uso kwenye kioo, kisha akaongeza au kupunguza mwanga kwa kidole. Uso ukiwa mweusi sana, kipimo kitaufanya uwe mweupe kuliko ulivyo, na hapo yafaa kupunguza kidogo.

Suala hili lina historia yake. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia filamu za rangi zilitumia picha ya mwanamke wa Kizungu kuwa kigezo cha kusawazishia rangi. Ngozi iliyoonekana vyema katika kigezo hicho ndiyo iliyohudumiwa, na ngozi nyeusi ikapoteza vivuli na umbile lake. Mwanafunzi anayepima nuru juu ya uso wa mtu anayempiga picha anampa mtu huyo haki ya kuonekana kama alivyo.

Pale ambapo buibui jeusi liko mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera haiwezi kuvipokea vyote viwili juani. Lisilowezekana juani huwezekana kivulini: chini ya paa la makuti, barazani, au chini ya mti. Huko nuru huwa imetulia, na mtu aliyeketi hakunji uso.

Aidha, maji nayo yana ratiba yake. Anayetaka kupiga picha ya chombo kizima, tangu omo hadi tezi na chini hadi mkukuni, asubiri maji yapwe, hasa siku za bamvua karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Chombo kikiwa kimelala juu ya mchanga, umbo lake lote hubainika. Picha ya chombo kilichoelea ni nzuri machoni, lakini huficha nusu ya ufundi wa aliyekiunda.

Mpangilio: mizani ya macho

Kosa la kawaida la mwanagenzi ni kuweka kila kitu katikati. Mandhari ya Kiunga humshawishi kufanya hivyo, kwa kuwa bahari ni tambarare, visiwa ni vya chini, na mstari wa upeo hukata picha vipande viwili sawa: mbingu juu, maji chini. Picha hiyo hukaa kama mathnawi, yenye vipande viwili vinavyolingana, na jicho hushindwa kujua lianzie wapi.

Kanuni inayofundishwa kwa wanagenzi ni ile ya theluthi, iliyoandikwa na Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797 alipokuwa akizungumzia uchoraji wa mandhari. Picha hugawanywa kwa mistari miwili ya kwenda chini na miwili ya kukingama, ikawa na visehemu tisa. Upeo wa bahari huwekwa kwenye mstari wa juu au wa chini, na kitu muhimu huwekwa mahali mistari inapokutana. Mwanafunzi wa ushairi atauona hapa mfano wa ukawafi, ambao mishororo yake ina vipande vitatu: ukwapi, utao na mwandamo. Mbingu ikiwa na la kusema, kwa mfano mawingu ya kusi yakitanda, ipewe vipande viwili. Mchanga wenye nyavu na nyayo ukiwa na la kusema, nao upewe vipande viwili. Uamuzi huo humlazimu mpiga picha ajiulize anachotaka kueleza kabla ya kubonyeza kitufe.

Fauka ya hayo, kuna mambo mengine matano ya kuzingatia:

(i) Nafasi ya mwendo. Mashua inayosafiri iachiwe nafasi mbele ya omo. Ikibanwa kwenye ukingo wa picha, huonekana kama imegonga ukuta.

(ii) Mistari. Mlingoti, foromali, kamba na ukingo wa maji ni mistari inayoongoza jicho. Ielekee kwenye jambo kuu, isilitoe jicho nje ya picha.

(iii) Mandharinyuma. Kabla ya kupiga, mtu atazame nyuma ya kichwa cha anayepigwa. Mlingoti ulioonekana mbali kwa macho huweza kuota utosini mwa mzee katika picha. Hatua moja ya kulia au kushoto yatosha kuuondoa.

(iv) Kimo. Mtoto apigwe picha kwa kamera iliyoshushwa hadi usawa wa macho yake, na fundi aliyeinama apigwe na mtu aliyeinama. Kupiga kutoka juu humdunisha mtu.

(v) Ukaribu na tabaka. Picha ya mbali ionyeshe mahali, ya kati ionyeshe mtu na kazi yake, na ya karibu ionyeshe mkono na kifaa. Mlango wa nyumba ya mawe waweza kuwa fremu, na kamba au nyavu zilizo mbele zaweza kuipa picha kina.

Washairi huruhusiwa kulifupisha neno ili mizani itimie, na ruhusa hiyo huitwa inkisari. Mpiga picha naye ana inkisari yake, nayo ni kukata pembe za picha zisizo na maana. Hata hivyo, ruhusa hiyo ina mpaka. Neno lililofupishwa na mshairi hubaki neno lilelile. Picha iliyokatwa ikaondoa mashine ya boti ili chombo kionekane cha kale imegeuka uongo, na haifai kuwa ushahidi wa utafiti.

Adabu ya kamera

Kiswahili husema kupiga picha, na kitenzi hicho chaweza kuwa onyo. Kamera iliyoinuliwa ghafla huweza kumwumiza mtu. Katika miji ya Waislamu kama Kiunga, sitara ni jambo la heshima, na wapo wanawake wasiopenda sura zao zionekane na wasiowajua. Mtafiti Heike Behrend aliliandikia suala hili la kuonekana na kujificha katika pwani ya Afrika Mashariki kitabu kizima, Contesting Visibility, kilichotoka mwaka 2013. Kukataa kupigwa picha hakutokani na ushamba. Ni msimamo wenye misingi yake katika dini na katika desturi, na mwanafunzi hana budi kuuheshimu bila kubembeleza.

Utaratibu unaofaa huanza na salamu. Kamera ibaki mfukoni hadi mazungumzo yakomae. Mwanafunzi ajieleze: anatoka chuo gani, anakusanya nini, na picha itaonekana na nani. Ruhusa ya mtoto iombwe kwa mzazi au mlezi. Aliyepigwa aonyeshwe picha yake papo hapo, na akitaka ifutwe, ifutwe mbele yake. Aliyeahidiwa nakala apelekewe. Ahadi isiyotimizwa humfungia mlango mwanafunzi mwingine atakayefuata.

Sheria nazo zinaunga mkono adabu hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu pia taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, picha ikiwamo. Isitoshe, Kiunga ni eneo la mpakani. Tangu operesheni ya Linda Boni ianzishwe mwaka 2015 katika msitu wa Boni na viunga vyake, mgeni mwenye kamera ameweza kutiliwa shaka kwa urahisi. Mwanafunzi awe na kibali cha utafiti, ajitambulishe kwa wenye mamlaka na wazee wa mji, na asielekeze kamera kwenye kambi, vizuizi wala vyombo vya usalama. Visiwa na maji yaliyo mkabala na mji ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na wanyama wa huko wana ulinzi wao. Kasa anayepanda ufuoni usiku kutaga hupotezwa na mwanga, kwa hiyo flashi isitumiwe kamwe.

Maelezo: picha isiyo na jina

Picha iliyopigwa vizuri bado ni bubu hadi iandikiwe maelezo. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapompita mtalii. Wakazi wa Kiunga huzungumza Kitikuu, kiitwacho pia Kibajuni, lahaja ambayo wasemaji wake wengi upande wa Somalia walitawanyika baada ya vita vilivyozuka mwaka 1991. Kila picha ya kifaa ni nafasi ya kuandika jina lake kama linavyotamkwa na wenyewe kabla halijapotea.

Maelezo kamili ya picha moja yawe na mambo yafuatayo: mahali na tarehe, kinachoonekana, jina la kitu kwa lahaja ya mahali na kwa Kiswahili sanifu, kazi yake, hali ya maji au saa, ikiwa ina maana, na ruhusa iliyotolewa pamoja na mipaka yake. Kwa mfano, picha ya tezi ya mashua isiishie kuandikwa "mashua, Kiunga". Fundi aombwe aonyeshe kwa kidole kila sehemu na kuitaja, sauti yake ikinaswa, na kila sehemu ipigwe picha yake ya karibu kwa mfuatano huohuo. Mwisho wa kazi hiyo mwanafunzi atakuwa na faharasa inayoonekana na kusikika. Jioni hiyohiyo, kabla ya kulala, picha zinakiliwe mahali pawili tofauti na maelezo yaandikwe, kwa kuwa kumbukumbu ya leo haitakuwapo wiki ijayo.

Zama za filamu, mkanda mmoja ulikuwa na picha 24 au 36, na kila moja iligharimu pesa. Uhaba huo ulimfunza mtu kufikiri. Mwanafunzi wa leo anayeweza kupiga picha elfu moja kwa siku atafaidika akijiwekea masharti hayohayo: picha 36 kwa siku, kila moja ikiwa na sababu na maelezo yake.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba upigaji picha una misingi inayoweza kufunzika hata kwa mtu mwenye simu pekee: kuipima nuru kwa uso wa mtu na si kwa mchanga, kusoma kivuli na maji, kuipa picha mizani, kuomba ruhusa, na kuandika jina. Misingi hiyo hutegemeana. Nuru njema bila ruhusa huacha kinyongo, na ruhusa bila maelezo huacha picha ambayo hata mpigaji hataielewa baada ya mwaka mmoja. Wahenga walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwanafunzi ajifunze tundu, shata na theluthi kadiri awezavyo, lakini marejeo yake yawe kwa mtu aliyesimama mbele ya lenzi na kwa neno alilolitamka. Kama mwanafunzi mmoja angaliishi miongoni mwa mafundi wa mtepe akiwa na kamera na daftari, na akawauliza jina la kila kamba, leo msamiati wa chombo hicho usingekuwa wa kukisia. Mashua na madau ya Kiunga bado yapo majini, na wanaojua majina ya sehemu zake bado wapo wa kuulizwa.